Kutoka mwambata hadi waziri: mwanadiplomasia wa China anapandaje ngazi?

Tarehe 26 Machi 1982, waandishi wa habari kati ya sabini na themanini waliitwa Wizara ya Mambo ya Nje ya China, mjini Beijing. Hawakukuta viti wala meza. Wizara haikuwa hata na chumba cha kukutana na wanahabari, kwa hiyo walisimama palepale ukumbini, karibu na mlango, wakamzunguka mkuu wa idara ya habari, bwana wa miaka 54 ambaye kazi ya usemaji hakuwahi kuifanya. Akasoma sentensi tatu. Kwamba China imeyasikia maneno ambayo Brezhnev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, aliyatoa Tashkent siku mbili nyuma; kwamba lawama zilizomo inazikataa; na kwamba kuanzia hapo itatazama vitendo vya Wasovieti. Mkalimani aliyesimama pembeni akazitoa kwa Kiingereza. Swali halikupokelewa hata moja. Watu wakatawanyika.

Msomaji aliitwa Qian Qichen. Miaka sita baadaye akawa waziri wa mambo ya nje, na kiti hicho akakikalia hadi 1998. Mkalimani aliitwa Li Zhaoxing. Naye akawa waziri, mwaka 2003. Yaani katika ule msongamano usio na viti walisimama mawaziri wawili wa baadaye, bega kwa bega. Na wote wawili Afrika walikuwa wanaijua: Qian alikuwa balozi Guinea kuanzia 1974 hadi 1976, na Li alikaa ubalozi wa Nairobi miaka saba, 1970 hadi 1977, tena akiwa afisa wa chini.

Ukitaka kuelewa mwanadiplomasia wa China anatokea wapi na anakwenda wapi, tukio hilo linakupa karibu kila kitu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeletwa wizarani kutoka nje kwa sababu alishinda au alishindwa uchaguzi. Waliingia vijana, wakapanda humohumo ndani, ngazi kwa ngazi, kwa miaka thelathini na ushei. Muda wote huo aliyekuwa akiwapa alama ni mmoja tu, na anakaa Beijing.

Kwetu mambo huenda tofauti. Tanzania inao wanadiplomasia waliokulia wizarani, lakini Rais anaweza pia kumchukua mtu kutoka nje kabisa ya fani na kumpa ubalozi: mwaka 2022 Simon Sirro alitoka kwenye kiti cha Mkuu wa Jeshi la Polisi akateuliwa balozi Zimbabwe, na hakuna aliyeshangaa. Marekani nayo balozi anaweza kuwa tajiri aliyechangia kampeni. Beijing njia hiyo haipo. Na tofauti hiyo moja inaeleza mengi ambayo watu huyachukulia kuwa "tabia ya Wachina": ukimya wao, hotuba zilizopimwa neno kwa neno, na ule ukali unaolipuka ghafla mtandaoni.

Lugha ndiyo tiketi

Mlango wa kwanza ni mtihani. China ina mtihani wa kitaifa wa utumishi wa umma, unaofanyika kila mwaka kati ya mwisho wa Novemba na mwanzo wa Desemba. Una karatasi mbili: moja ya kupima akili na mantiki kwa maswali mengi ya haraka, nyingine ya insha, ambapo mtahiniwa hupewa rundo la nyaraka kuhusu tatizo la kiserikali na kutakiwa kulichambua. Anayetaka Mambo ya Nje akivuka hapo bado ana safari: mtihani wa lugha wa wizara yenyewe, usaili, vipimo vya afya na vya saikolojia, kisha uchunguzi wa kisiasa unaofika hadi nyumbani kwao.

Nafasi hutangazwa kwa lugha, na hapo ndipo hatima ya mtu huanza kuchongwa. Kijana haombi tu "kazi ya diplomasia". Anaomba nafasi ya mtu wa Kifaransa, ya mtu wa Kirusi, ya mtu wa Kiarabu. Ndiyo maana vyuo vya lugha vina jina kubwa kwenye ukoo huu. Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing, ambacho mizizi yake ni darasa la Kirusi lililoanzishwa Yan'an mwaka 1941 wakati wa vita, kwa miaka mingi kilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje yenyewe. Leo kinafundisha lugha zaidi ya mia moja. Chuo Kikuu cha Mambo ya Nje, kilichoanzishwa 1955, ni jirani yake katika kazi hiyo. Kiswahili kilianza kufundishwa Beijing mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati uleule ambapo Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili, Septemba 1961.

Lugha uliyosoma ukiwa na miaka ishirini inaweza kuamua utakaa wapi ukiwa na hamsini. Li Hui alisoma Kirusi: amekuwa balozi Kazakhstan, kisha Moscow miaka kumi mfululizo, 2009 hadi 2019, na alipostahili kupumzika akapewa kazi ya mjumbe maalumu, ndiye aliyezunguka miji mikuu ya Ulaya mwaka 2023 kuhusu vita vya Ukraine. Wang Yi alisoma Kijapani. Kabla ya hapo alikuwa kijana wa Beijing aliyepelekwa mashambani kaskazini, Heilongjiang, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, ule msukosuko wa kisiasa wa zama za Mao, akakaa huko miaka minane. Vyuo vilipofunguliwa akaingia darasani mwaka 1978, akahitimu 1982, akapangiwa idara ya Asia, na huko akajulikana kwa kuandika hotuba nzuri. Akapelekwa ubalozi wa Tokyo, akarudi, akapanda, mwaka 2004 akarudi tena Tokyo, safari hii akiwa balozi.

Sasa hesabu mawaziri tangu 1988 kwa lugha zao: Qian Kirusi, Tang Jiaxuan Kijapani, Li Kiingereza, Yang Jiechi Kiingereza, Wang Kijapani, Qin Gang Kiingereza, kisha Wang tena. Kiswahili kinaweza kukufungulia mlango wa kuingia. Ghorofa ya juu, hadi leo, imewapokea watu wa lugha za mataifa makubwa peke yao.

Njia ya mkato ipo, ya ukalimani. Mkalimani mzuri humkaa kiongozi sikioni, na kiongozi humkumbuka. Yang Jiechi alikuwa kijana wa kiwanda cha mita za umeme Shanghai. Mwaka 1973 akapelekwa kusoma Uingereza, akarudi kuwa mkalimani, na mwaka 1977 akamsindikiza George H. W. Bush kwenye safari ya Tibet. Urafiki huo ulimfaa maisha yote. Alikuja kuwa balozi Washington wakati mtoto wa Bush yuko Ikulu.

Ilikuwaje basi, Machi 2021, mzee huyohuyo alipokaa mezani Anchorage, Alaska, mbele ya waziri wa Marekani Antony Blinken? Alizungumza zaidi ya robo saa bila kituo. Pembeni mkalimani wake, dada Zhang Jing, alikuwa ameinamia daftari anaandika. Yang alipomaliza alikuwa keshasahau kwamba kuna mtu anatakiwa kuyatafsiri yote hayo. Alipokumbushwa akasema kwa Kiingereza kwamba huo ni mtihani kwa mkalimani, na Blinken akatania kwamba anastahili kuongezewa mshahara. Yule dada akaanza mwanzo, akamaliza mwisho, bila kutetereka. China nzima ilimzungumzia kwa siku kadhaa kuliko hata yaliyojadiliwa.

Ngazi saba, na nyingine usizoziona

Sheria ya China ya mwaka 2009 kuhusu wanadiplomasia walioko nje inataja madaraja saba: mwambata, katibu wa tatu, katibu wa pili, katibu wa kwanza, mshauri, "waziri" (cheo cha kibalozi tu, hana wizara wala bendera kwenye gari) na balozi. Sheria hiyohiyo inataka anayekwenda nje awe na umri wa angalau miaka 23, awe raia wa China, na asiwe na kibali cha ukaazi wa kudumu wa nchi nyingine. Mabalozi huamuliwa na Kamati ya Kudumu ya Bunge la Umma, kisha Rais huwateua rasmi.

Hiyo ni ngazi ya nje. Sambamba nayo kuna ngazi ya nyumbani: ofisa wa kawaida, naibu mkuu wa kitengo, mkuu wa kitengo, naibu mkurugenzi wa idara, mkurugenzi, waziri msaidizi, naibu waziri. Mtu hukaa ubalozini miaka mitatu minne, hurudi wizarani, hutoka tena. Kila akivuka mpaka cheo chake hubadilishwa kama fedha. Katibu wa kwanza aliyekuwa anakaa meza moja na wabunge wetu anarudi Beijing kuwa mtu wa kuandaa mafaili ya bosi.

Miaka ya mwanzo haina utukufu wowote. Ni kuandika taarifa fupi usiku, kupokea wageni uwanja wa ndege, kuhakikisha bendera haijapinduliwa, kutafsiri magazeti ya nchi mwenyeji kabla jua halijachomoza. Wengine hupelekwa mbali zaidi ya ng'ambo: tangu 1992 wizara imebeba jukumu la kusaidia wilaya mbili za milimani mkoani Yunnan, Malipo na Jinping, kwenye mpaka wa Vietnam, na maofisa wake hupelekwa huko kwa zamu. Mtu aliyejifunza itifaki ya kula na malkia hujikuta anahangaikia barabara ya kijiji na soko la mazao. Wenyewe huona ni sehemu ya malezi.

Hapa pana jambo ambalo waandishi wetu hulikosea mara nyingi. Balozi wa China Dar es Salaam au Nairobi ni mtu mkubwa machoni petu: Rais humpokea, televisheni humfuata. Kwenye ngazi ya Beijing, mabalozi wengi ni watu wa daraja la mkurugenzi wa idara. Vituo vichache tu, kama Washington, Moscow, London, Tokyo na Pyongyang, hupewa watu wa daraja la naibu waziri. Balozi wa Nairobi anaweza kuwa mwerevu kuliko wote hao, lakini mkopo wa reli si wake kuuamua. Huo una wenyewe: Benki ya Exim, Wizara ya Biashara, Baraza la Serikali.

Hata ndani ya ubalozi wake si wote ni watoto wake. Ofisi ya uchumi na biashara huwa na watu wa Wizara ya Biashara. Mwambata wa kijeshi anatoka jeshini. Wa elimu na wa utamaduni nao wana wizara zao. Wote hukaa chini ya balozi kwa itifaki, lakini kila mmoja ana wakubwa wake Beijing wanaompandisha cheo. Kontrakta mwenye tatizo la malipo, akiwa mjanja, anajua mlango wa kubisha ni upi.

Jeshi lililovaa suti

Nidhamu yao ina historia. Wizara ilipoanza, Novemba 1949, chini ya Zhou Enlai, nchi haikuwa na wanadiplomasia wa kuaminika. Waliokuwepo walikuwa wa serikali iliyoangushwa. Zhou akachukua majenerali. Watu waliotembea Maandamano Marefu, ile safari ya miguu ya jeshi la wakomunisti miaka ya 1930, wengine hawajui lugha ya kigeni hata moja, wakafundishwa kufunga tai, kushika uma na kisu, hata kucheza dansi. Inasimuliwa kwamba walipewa nafasi ya kuchungulia kwa siri wakati balozi wa kigeni anamkabidhi Mao hati za utambulisho, ili waone jambo hilo linafanywaje. Geng Biao, mmoja wa hao, akaenda Sweden mwaka 1950 kuwa balozi.

Zhou aliwaambia wao ni Jeshi la Ukombozi, ila limevaa kiraia. Aliwaachia maagizo manne ambayo kila mwanafunzi wa diplomasia China anayajua kwa moyo: simama imara kwenye msimamo, ielewe sera vizuri, ijue kazi yako, tii nidhamu. Na usemi mwingine unaonasibishwa naye: kwenye mambo ya nje hakuna jambo dogo.

Ukiyachukua maneno hayo kwa uzito, utaelewa kwa nini mwanadiplomasia wa China hapendi kukutana na mgeni peke yake. Kwa desturi ya kazi yao huenda wawili. Ukimwalika chakula cha jioni, usishangae akija na mwenzake anayekula kimya na kukumbuka kila kitu. Mmoja ni shahidi wa mwingine. Ndoa nayo ina mipaka: kanuni za mwaka 1983 kuhusu ndoa na wageni ziliwataja wanadiplomasia pamoja na wanajeshi na watunza siri za serikali katika kundi lisiloruhusiwa. Urafiki wa kweli na mwenyeji, ule wa kutembeleana na kulaumiana, kwa hiyo huwa mgumu kwao, hata kwa yule anayezungumza Kiswahili safi. Nadhani hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko zote katika mfumo wao. Unamfundisha mtu lugha kwa miaka minne, halafu unamnyima watu wa kuzungumza nao.

Na wanajua kinachotokea ukikosea, kwa sababu wazee wao walikipata. Mwaka 1967, katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni, mabalozi wa China duniani kote waliitwa nyumbani kufanyiwa "masahihisho", akabaki mmoja tu kituoni: Huang Hua, Cairo. Waziri Chen Yi alizomewa hadharani na vijana. Maofisa waliokuwa wanavaa suti walipelekwa mashambani kulima. Huang Hua, yule aliyebaki, mwaka 1971 ndiye aliyekwenda New York kuwa mwakilishi wa kwanza wa Jamhuri ya Watu wa China Umoja wa Mataifa, baada ya kura ile ya Oktoba ambayo Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuipigania, na baadaye akawa waziri. Wizara nzima ilijifunza kwamba kimya hakijawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Kituo cha Afrika

China ina uhusiano na nchi 53 za Afrika, zote isipokuwa Eswatini. Maana yake Afrika ni soko kubwa la nafasi za ubalozi, na kwa wengi ndipo mtu hukabidhiwa ofisi yake ya kwanza ya kuiongoza. Mtazame Wu Peng: balozi Sierra Leone, kisha Kenya, akaitwa Beijing kuongoza Idara ya Afrika, halafu mwaka 2024 akaenda Afrika Kusini. Lin Songtian alipita Liberia na Malawi, akaongoza idara hiyohiyo, naye akapelekwa Pretoria. Lu Shaye alianzia Senegal, akaongoza Idara ya Afrika, akapelekwa kidogo Wuhan kuwa naibu meya, ndipo akapewa Kanada na Ufaransa. Kijiti ni kilekile: nchi ndogo, nchi kubwa kidogo, dawati la Beijing, nchi kubwa zaidi.

Kuna pia mila ambayo Qian Qichen aliianzisha mwaka 1991: ziara ya kwanza ya mwaka ya waziri wa mambo ya nje huja Afrika. Haijavunjwa. Ndiyo iliyomleta Wang Yi hadi Chato, nyumbani kwa Magufuli, Januari 2021, mkataba wa reli ya Mwanza hadi Isaka ukasainiwa mbele yake. Januari iliyofuata alikuwa Mombasa, gati la mafuta la Kipevu likiwa limekamilika. Kwa ofisa wa ubalozi, ziara hiyo ni mtihani wa mwaka. Kiti kikikosewa, jina likiandikwa vibaya, gari likichelewa, anayeona ni waziri mwenyewe.

Kipaza sauti

Tangu siku ile ya 1982, usemaji umekuwa lifti. Mkutano wa wanahabari ni karibu kila siku ya kazi, kwenye ukumbi wenye rangi ya buluu, na sura ya msemaji inajulikana na mamilioni. Hua Chunying alipita hapo akawa naibu waziri mwaka 2024. Wang Wenbin akapewa ubalozi wa Kambodia. Lu Kang, wa Indonesia.

Lakini msemaji anasemea nani? Zamani wananchi waliona wizara ni laini mno mbele ya Wamarekani, hata wengine wakaitumia kwa posta vidonge vya kalsiamu, ili mifupa yao ikaze. Wanadiplomasia wenyewe wamekisimulia kisa hiki, na ukiwasikiliza utagundua kiliwauma. Halafu likaja kundi jipya, ambalo magazeti ya nje yalilibandika jina la filamu ya mapigano, "mbwamwitu wapiganaji". Zhao Lijian ndiye aliyevuma zaidi. Alikuwa ofisa wa ubalozi Islamabad, akagombana na Wamarekani kwenye Twitter, akarudi nyumbani akiwa shujaa na kufanywa msemaji mwaka 2020.

Kwa kipimo cha diplomasia ya kawaida, kugombana na watu hadharani ukiwa kituoni ni kushindwa kazi. Kwa kipimo cha ngazi yao, ilikuwa hesabu nzuri: walioko juu walikuwa wanadai "moyo wa mapambano", na ofisa mwenye akili huwapa wakubwa wanachokitaka. Upepo ulipogeuka, Januari 2023, Zhao alihamishiwa idara ya mipaka na bahari, mbali na kamera. Hakufukuzwa. Alisogezwa tu.

Lu Shaye alipata bahati nyingine. Aprili 2023, akiwa balozi Paris, alisema kwenye televisheni maneno yaliyotilia shaka hadhi ya kisheria ya nchi zilizotokana na Muungano wa Kisovieti. Ulaya nzima ikaruka. Ubalozi wake wenyewe ukasema hayo yalikuwa maoni yake binafsi. Wengi walitarajia arudishwe na ndege ya kwanza. Alibaki, na baadaye akateuliwa mwakilishi maalumu wa mambo ya Ulaya. Wazungu waliona aibu, waliomwajiri hawakuiona.

Ngazi ya chama

Nimeiacha mwisho ngazi iliyo nzito kuliko zote. Wizara ya Mambo ya Nje ina waziri, na ina katibu wa kamati ya chama. Mara nyingi hao ni watu wawili tofauti. Mwaka 2019 nafasi ya ukatibu alipewa Qi Yu, mtu wa Idara ya Uteuzi ya chama ambaye hakuwahi kuwa mwanadiplomasia. Nani apande, nani ahamishwe, nani achunguzwe: faili hizo hupita kwake. Ujumbe kwa kila katibu wa tatu duniani ulikuwa wazi.

Juu ya wizara kuna Tume ya Mambo ya Nje ya Kamati Kuu, iliyopandishwa hadhi kutoka kikundi cha uongozi hadi tume mwaka 2018, mwenyekiti wake Xi Jinping. Mkuu wa ofisi ya tume hiyo ndiye mwanadiplomasia mkubwa kuliko wote, hata kuliko waziri. Ndiyo maana kule Anchorage aliyeunguruma alikuwa Yang Jiechi, mkuu wa ofisi ya tume, na waziri Wang Yi alikaa pembeni yake akisubiri zamu. Yang alikuwa ameingia Ofisi ya Siasa ya chama (Politburo) mwaka 2017, mwanadiplomasia wa kwanza kufika huko tangu Qian. Wang akamrithi mwaka 2022.

Ipo pia Idara ya Kimataifa ya chama, inayoshughulika na vyama badala ya serikali. Wanaojua CCM wanaijua. Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere pale Kibaha, iliyofunguliwa 2022 kwa ajili ya vyama sita vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, imejengwa kwa fedha za chama cha China, na wanaokuja kuzungumza hapo ni watu wa njia hii ya pili. Balozi huhudhuria, hupiga makofi.

Mtu wa mwisho kuonyesha namna ngazi hizi zinavyopishana ni Qin Gang. Alianza chini kuliko wengi: baada ya chuo, mwaka 1988, alipangiwa ofisi ya Beijing inayowahudumia wageni wa kibalozi, na kupitia hiyo akawa msaidizi kwenye ofisi ya shirika la habari la Marekani, UPI. Mwaka 1992 akaingia wizarani. London, usemaji, tena London, kisha mkuu wa itifaki, kazi iliyomweka pembeni ya Xi kwenye safari baada ya safari, akipanga nani asimame wapi. Hapo kasi ikabadilika. Naibu waziri 2018, balozi Washington 2021, waziri Desemba 2022 akiwa na miaka 56, Mjumbe wa Taifa, cheo kilicho juu ya uwaziri wa kawaida, Machi 2023. Aliruka vidato ambavyo Wang Yi alivipanda kimoja kimoja.

Tarehe 25 Juni 2023 alikutana na wageni kutoka Sri Lanka, Vietnam na Urusi. Baada ya hapo hakuonekana. Wizara ilisema ni afya, kisha ikaacha kusema hata hivyo. Tarehe 25 Julai Kamati ya Kudumu ya Bunge ilimwondoa na kumrudisha Wang Yi, bila sababu kutajwa. Kwenye tovuti ya wizara kurasa zake zikafutwa, na baada ya siku chache nyingi zikarudi. Oktoba akavuliwa Ujumbe wa Taifa.

Julai 2024 Kamati Kuu ilikutana, na mwisho wa mkutano ikatoa taarifa. Waliokuwa vigogo wa jeshi, kina Li Shangfu, walitajwa kwa majina yao matupu: wamefukuzwa chamani. Qin Gang alitajwa kwenye sentensi yake peke yake: ombi lake la kujiuzulu ujumbe wa Kamati Kuu limekubaliwa. Mbele ya uamuzi huo, jina lake lilikuwa limeandikwa kwa ukamilifu wake wa kichama, Ndugu Qin Gang. Maofisa wa wizara waliposoma taarifa ile, neno walilolitafuta kwanza lilikuwa hilo.